Kundi tulilolilea wenyewe: tulifunge, au tuwaachie funguo?

Jambo Yaya, mkubwa wetu wa safu hii,

Nakuandikia usiku, maana umeme wa SNEL, shirika la umeme la hapa Kongo, ndiyo kwanza umerudi na simu imepata chaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, mama wa watoto watatu. Huu ni mwaka wa sita niko admini mkuu wa kundi la watu wa mji wetu kwenye jukwaa moja kubwa la kigeni. Tulianza watu arobaini wa kartie moja. Leo wanachama ni 61,000. Humo watu hutafuta nyumba za kupanga, huuliza kama delestaji, yaani mgao wa umeme, ni kwao tu au imefika hadi Kampemba, hutangaza mtoto aliyepotea sokoni, huomba damu kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Sendwe. Tuna orodha ya wachangia damu 430, kila mmoja na namba yake ya simu na kundi lake la damu. Maadmini tuko tisa. Hatulipwi hata franka moja, na mega za intaneti tunajinunulia.

Kazi inayotumaliza ni matapeli wa nyumba. Mtu anajiita komisionere, yaani dalali wa nyumba, anaweka picha ya nyumba safi ya kartie ya Bel-Air, vyumba viwili na sebule, kwa nusu ya bei ya kawaida. Anataka garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi mitatu itumwe kwa simu kabla hajaonyesha parsele, eti kuna mteja mwingine yuko njiani. Ukiikuza ile picha unaona beseni la buluu chini ya bomba na ufa kwenye ukuta wa ua, vilevile kama kwenye tangazo la mwezi uliopita lenye jina jingine. Jicho la mtu huchoka kutafuta mabeseni. Kijana mmoja wa Likasi akatutengenezea roboti inayolinganisha picha mpya na za zamani, na kuzuia posti yoyote yenye namba iliyo kwenye orodha yetu ya matapeli. Kwa siku tunapata ripoti kama 180. Roboti humaliza 130, sisi tunabaki na 50.

Wiki mbili zilizopita uongozi wa jukwaa ulitangaza mambo mawili. La kwanza, kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao kila programu ya nje italipia kila mara inapochukua kitu kwenye jukwaa. Kijana wa Likasi amepiga hesabu. Hawezi kulipa hata mwezi mmoja. Programu anayotumia mwenzetu asiyeona nayo itazimika. Hiyo humsomea ripoti kwa sauti, na yeye ndiye mwepesi kuliko sisi sote. Ile ya jukwaa lenyewe humsomea "kitufe, kitufe, kitufe" bila kumwambia ni kitufe cha nini. La pili, tangazo lililolipiwa admini haruhusiwi tena kuliondoa. Na matapeli wameshaanza kulipia.

Jumamosi tulikutana. Watano wanataka tulifunge kundi hadi kampuni ikubali. Wawili wanataka tufute kila kitu, miaka yote sita, tuondoke. Mimi na huyo mwenzetu asiyeona tulinyamaza. Na uongozi umeshatuonya: kundi litakalofungwa zaidi ya saa 48 litapewa wasimamizi wengine.

Nikifunga, usiku huohuo kuna mama atatafuta damu ya O negatifu asipate wa kumjibu. Nisipofunga, wenzangu wataniona nimewauza. Mume wangu ananiuliza, "Hao watu wanakulipa nini hasa?" Sina jibu. Lakini kundi hili tulilijenga sisi, ni letu, na tukiondoka litakufa. Jumamosi ijayo tunapiga kura. Nifanye nini?

Msimamizi wa Katuba

* * *

Mdogo wangu wa Katuba,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikuambie kwanza nilichosikia, unisahihishe kama nimekosea. Kuna ugomvi kati yenu na kampuni: imewanyang'anya chombo cha kazi, imemfungia mlango mwenzenu, na imewafunga mikono mbele ya tapeli mwenye pesa. Halafu kuna ugomvi wa kimyakimya kati yako na wenzako, na nadhani huo ndio unaokukosesha usingizi. Hao watano na hao wawili hawakukosea kukasirika. Wewe pia hukukosea kumfikiria mama wa O negatifu. Mnachotofautiana ni nani atakayeumia kwanza mlango ukifungwa.

Nianze na mumeo, maana swali lake si tusi. Chukua ripoti zako 180. Nikisema kila moja ni dakika mbili tu, hizo ni saa sita kwa siku. Roboti ikiwepo, ni saa moja na dakika arobaini. Bila roboti kila mmoja wenu tisa atatoa dakika 40 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na delestaji haikusubiri. Mwonyeshe hesabu hiyo. Huenda anachouliza ni utachoka lini, wala si kwamba unapoteza muda. Na kwamba kazi isiyolipwa ni kazi, wengine walishalipeleka mbele ya sheria. Watu wa kujitolea waliosimamia vyumba vya mazungumzo vya AOL kule Marekani, kwa zamu na kwa ripoti, waliishtaki kampuni hiyo mwaka 1999; mwaka 2010 kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 15. Sikutumi mahakamani. Nataka tu usione haya kudai.

Sasa kuna maneno mawili uliyoandika kana kwamba hayana shaka, nami ningependa tuyapime.

Uliandika "ni letu". Kazi ni yenu, imani ya watu ni yenu, ule ujuzi wa kutambua beseni la buluu ni wenu. Nyumba yenyewe ni ya kampuni, na cha kuazima hakisitiri maungo. Kabla ya Jumamosi fungueni masharti mliyoyakubali siku ya kujiandikisha, mtafute sehemu mbili tu: nani mwenye haki juu ya yale yanayoandikwa humo, na ni wakati gani kampuni inaweza kumwondoa admini. Msipige kura kabla ya kuzisoma. Mara nyingi watu hugombania kufunga mlango ambao kufuli lake mwenye nyumba analifungua akiwa amekaa.

Uliandika pia "tukiondoka litakufa". Ningeogopa zaidi kwamba halitakufa. Kampuni ikitafuta wasimamizi wapya haraka, itamchukua aliyenyoosha mkono mapema. Hebu jiulize ni nani hapa Lubumbashi mwenye hamu kubwa kuliko wote ya kushika funguo za kundi la watu 61,000 wanaotafuta nyumba. Mimi namwona yule komisionere wa garanti ya miezi mitatu akiwa wa kwanza kwenye foleni.

Hamko peke yenu katika jambo hili. Mwaka 2023 wasimamizi wa kujitolea wa Reddit, jukwaa la Marekani, walipata kidonda kama chenu. Kampuni ilitangaza kuzitoza programu za nje senti 24 za dola kwa kila maulizo 1,000, yaani kila zinapochukua kitu mara 1,000. Mtengenezaji wa Apollo, programu iliyopendwa sana, akakuta atadaiwa karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Tarehe 12 Juni makundi zaidi ya 8,000 yalifungwa. Mengi yalikuwa yametangaza mapema kwamba yatafunga kwa saa 48. Mkurugenzi mkuu, Steve Huffman, akawaandikia wafanyakazi wake kwamba hili nalo litapita kama mengine. Alikuwa ameshaambiwa hadi saa litakapopita! Walioendelea kufunga walionywa kwamba nafasi zao zitachukuliwa, na baadhi waliondolewa kweli. Ada haikushuka, na Apollo ilizimwa tarehe 30 Juni. Mwaka uliofuata Reddit ikaweka sharti kwamba msimamizi anayetaka kuligeuza kundi la wazi kuwa la faragha, kama mengi yalivyofungwa, aombe ruhusa kwanza.

Lakini usiishie hapo, maana watu wengi wanaishia hapo. Programu zisizo za kibiashara zinazowasaidia wasioona zilisamehewa ada, na roboti za usimamizi zikaahidiwa kuachwa bure. Msamaha huo wa wasioona ulitoka siku chache kabla ya makundi kufungwa, wakati kelele zimepanda na kampuni haijajua ukubwa wa dhoruba. Madai hayo yalikuwa na nini? Yalikuwa finyu, yaliweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na kuyakataa kungeiletea kampuni aibu mbele ya watu wasiojali kabisa habari za programu. Dai la "tuheshimuni" halina kitu ambacho mtu anaweza kukitia sahihi.

Mwezi huohuo kulikuwa na mgomo mwingine wa sura tofauti. Wasimamizi wa Stack Exchange, mtandao wa maswali na majibu ambao ndani yake kuna Stack Overflow ya waandishi wa programu, walizuiwa na kampuni karibu kabisa kufuta majibu yaliyotungwa na akili bandia. Tarehe 5 Juni wakaweka zana chini. Hawakufunga kurasa. Waliacha kushughulikia ripoti, na roboti ya kukamata takataka ikasimamishwa. Walitoa barua ya wazi yenye madai, wakachagua wawakilishi wa kukaa na kampuni. Iliwachukua miezi miwili. Mgomo uliisha mwanzoni mwa Agosti, sheria ile ikiwa imeandikwa upya kwa kushauriana nao. Hapo kampuni ilikikosa kile chenyewe ilichokuwa ikikipata bure, na msomaji wa kawaida bado aliweza kusoma.

Je, hilo lingefaa Lubumbashi? Sehemu tu, naona. Jibu bovu la programu humpotezea mtu alasiri moja. Tangazo bovu la nyumba humpotezea garanti ya miezi mitatu, na hiyo hairudi. Mkiacha ripoti zote siku mbili, tapeli ndiye atakayefanya sherehe.

Ndiyo maana ningetaka mlijadili jambo ambalo halikutajwa kwenye kikao chenu: posti zote zipitie idhini kabla ya kuonekana. Majukwaa mengi yana kitufe hicho kwenye mipangilio ya kundi. Kundi linabaki wazi, ya zamani yanasomeka, orodha ya namba za matapeli inaonekana, ila kipya hakipiti bila mkono wa admini. Nanyi mnatangaza kwamba wakati wa mgomo mtapitisha aina tatu tu: damu, mtoto au mtu aliyepotea, na hatari ya papo hapo kama moto au waya wa umeme ulioanguka. Mgawane zamu za saa nne, wawili wawili, na ile ya usiku wa manane apewe mwenye betri nzuri. Jina na saa ya kila mmoja viandikwe, maana zamu ya "yeyote atakayekuwa macho" huwa haina mtu. Hatari zake ni mbili. Kampuni inaweza kusema huku ni kufunga kwa jina jingine, na onyo la saa 48 likawafikia vilevile. Pia foleni ya posti itarundikana hadi ombi la damu lizame katikati ya sofa zinazouzwa, kwa hiyo waambieni watu waanze posti kwa neno DAMU kwa herufi kubwa, ili mlione mnapopitisha kidole. Na tangazo lililolipiwa huenda lisipite kwenye idhini hiyo. Jaribuni kabla ya kuwaahidi watu.

Kufunga kabisa pia ni njia, na siwezi kukuambia kwamba hao watano hawana hoja. Kufunga huonekana, gazeti huliandika, na kampuni huliona kwenye mapato ya matangazo. Ila kundi moja la mji mmoja halitaonekana kwenye hesabu za kampuni kubwa. Je, mmezungumza na maadmini wa makundi ya Likasi, Kolwezi, Kinshasa? Barua moja ya makundi ishirini ina uzito kuliko makundi ishirini yaliyonuna kila moja kivyake.

Kwa hao wawili wanaotaka kufuta kila kitu ningesema polepole, kwa sababu naona ni watu walioumia sana. Kampuni za namna hiyo huweka nakala za akiba na zinaweza kuyarudisha yaliyofutwa. Atakayepoteza ni jirani: onyo la mwaka juzi kuhusu komisionere fulani litatoweka wakati yeye bado yupo. Kisha yaliyoandikwa humo hayakuandikwa na maadmini tisa. Waulizeni wenyewe. Tangazo la kura libandikwe juu kwa siku saba, chaguo zikiwa tatu au nne zilizoandikwa wazi pamoja na hasara zake. Kura ya siku moja humkosa mtu ambaye umeme wake hukatika siku mbili.

Kuhama, je? Kumewahi kufanikiwa. Mwaka 2012 waandishi wa kujitolea wa Wikitravel, kitabu cha wasafiri cha mtandaoni kilichokuwa mikononi mwa kampuni, waliamua kuondoka, na tarehe 15 Januari 2013 Wikivoyage ikazinduliwa rasmi chini ya shirika la Wikimedia, lile lenye Wikipedia. Waliweza kubeba kurasa zao kwa sababu zilikuwa chini ya leseni huria, inayomruhusu yeyote kuzinakili, tangu mwanzo. Hata hivyo kampuni iliwashtaki wawili kati yao, na kesi hiyo ikaisha kwa makubaliano mwaka 2013. Ninyi leseni hiyo hamna, ndiyo maana nilisema msome masharti.

Na mtahamia wapi? Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024. Watu 61,000 ni makundi 60, na ndani ya kila moja namba za wanachama zinaonekana kwa wenzao wote, tapeli akiwemo, na yule anayesumbua wasichana akiwemo. Kundi la Telegram hubeba hadi 200,000, na mtu anaweza kuficha namba yake. Lakini ulizeni kwanza watu wananunua mega za aina gani. Anayenunua za kufungulia programu moja tu hatawafuata, hata akiwapenda vipi. Mkitaka jukwaa lenu wenyewe, programu huria kama phpBB au Discourse hazinunuliwi, ila seva, ile kompyuta inayolibeba jukwaa, hulipiwa kila mwezi kwa dola, na lazima awepo mtu wa kusasisha, kuweka nakala za akiba na kuamka seva inapoanguka. Kijana wa Likasi anaweza, lakini mtu mmoja akiugua malaria mji mzima unakaa gizani. Watu wawili ndio kiasi cha chini.

Lolote mtakaloamua, ile orodha ya damu ishughulikieni mapema kuliko yote. Usiinakili tu kwenye simu yako. Kundi la damu na namba ya simu ya mtu ni habari zake binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya mambo ya kidijitali, ile Ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari hizo. Watu wale walizitoa kwa ajili ya kundi lile. Mwandikie kila mmoja: "Tunatengeneza orodha mpya nje ya jukwaa, itashikwa na watu wawili, hawa hapa. Unakubali?" Anayekubali anaandikwa upya. Asiyejibu haandikwi. Watu 430 kwa maadmini tisa ni kama 48 kila mmoja, kazi ya jioni mbili. Andikeni kwenye daftari pia, kwani daftari halihitaji SNEL. Mkishakuwa nayo, hofu yako ya usiku ule itapungua sana, na kura yako itakuwa nyepesi zaidi kwa upande wowote.

Nimebakiza mtu mmoja. Barua yako inaniambia mwenzenu asiyeona atapoteza nini, na inaniambia alinyamaza. Haisemi anataka nini. Inawezekana anataka kupigana kuliko ninyi nyote. Inawezekana pia amechoka kuwa sababu ya ugomvi wa wengine. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, si kwa ujumbe, ukakae naye. Mwombe akusikilizishe programu ya jukwaa inavyosoma ile "kitufe, kitufe". Akiridhia, rekodini dakika moja ya sauti hiyo na dakika moja ya ile anayoitumia sasa. Barua yenye madai mawili, msamaha wa ada kwa programu ya kusomea na kwa roboti yenu, na haki ya kusimamisha tangazo lililolipiwa likiripotiwa kwa ushahidi, ikiambatana na rekodi hizo mbili, haihitaji maneno mengi. Wekeni tarehe ya kujibiwa iwe kabla ya mwezi mpya kuanza. Mtakalofanya wasipojibu, msilitaje siku yake ya mwisho.

Wenzako wanaweza kuikataa barua hiyo na kusema muda wa barua umepita. Ukiona ndivyo, unaweza kubaki ukashika zamu ya damu peke yake, unaweza kuondoka nao, unaweza kuondoka kabla yao. Kila njia kati ya hizo ina mtu mwema anayeweza kuichagua. Kwa upande wa kuitwa msaliti, jaribu kuwaambia hadharani hiyo Jumamosi kile ulichoniandikia mimi usiku, kuhusu yule mama wa O negatifu. Waliposikia umenyamaza, huenda kila mmoja alijijazia maneno yake.

Ukipata nafasi niandikie tena, hata mistari miwili. Ningependa kujua mwenzenu amesema nini.

Yaya wako wa safu hii